Maoni ni Wakati wa Matangazo

Kwetu hakuna anayejua kuoka. Naanza na hilo mapema, nisije nikaambiwa nimewasingizia watu. Oveni ya jiko letu tunahifadhia sufuria, na siku mgeni mmoja alipoiwasha bila kuuliza, vishikio vya plastiki viliyeyuka na nyumba ikanuka mpaka kesho yake. Lakini Jumapili mchana, mashindano ya keki yakianza kwenye televisheni, sebule nzima inageuka jopo la majaji.

Jaji mkuu ni mama mkwe wangu. Mtaa mzima unamwita Mwenyekiti, na siku hizi hata yeye mwenyewe akipiga simu anajitambulisha hivyo. Hukaa kwenye kochi lililo karibu na soketi, mwiko mkononi, na siku hiyo mwiko haugusi sufuria. Ni wa kunyooshea kidole kwa niaba yake.

"Kavu," husema, tangazo la kwanza likiingia tu, keki ya mshindani hata haijakatwa.

Nilipokuwa bado bibi harusi mgeni, sijajua mila za nyumba, niliwahi kumwuliza, "Mama, umeionjaje?"

"Mwenye macho haambiwi tazama," akanijibu, na mwiko ukanielekea mimi.

Kulia kwake hukaa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, dereva wa teksi ambaye Jumapili hafanyi kazi kwa sababu, anavyosema yeye, abiria wa Jumapili hawana haraka ya maana. Ana simu mbili, moja ya wateja na moja ya kuwaandikia watu wa televisheni. Kuna siku mtangazaji alisoma hewani mstari wake, "mtazamaji wetu mmoja anasema krimu imezidi," basi akatembea mtaani kifua mbele mwezi mzima, watu wakimpa pole na hongera kwa pamoja. Kushoto hukaa jirani yetu, fundi wa kushona tunayemwita Cherehani. Televisheni yake iliharibika zamani na hana mpango wa kuitengeneza. Anasema kutazama peke yako ni sawa na kujitekenya.

Sebule hii ina sheria moja, na sheria ni ya Mama: maoni ni wakati wa matangazo. Aliitunga baada ya shemeji na Cherehani kubishana juu ya keki ya ghorofa tatu mpaka mshindi akatangazwa bila yeyote kumsikia. Tangu hapo, kipindi kikiwa hewani, kimya. Jumapili moja maharage yaliungua jikoni. Harufu iliingia sebuleni, ikatuzunguka wote, moshi ukafuata nyuma yake. Tulitazamana. Hakuna aliyefungua mdomo mpaka lilipokuja tangazo la sabuni, ndipo tukakurupuka wote kwa pamoja tukipiga kelele za moto. Maharage yalishakuwa makaa. Mama alisema nidhamu imeonekana.

Kabla ya keki kuna tamthilia ya wakunga. Wakunga wa humo wana kope ndefu, sare nyeupe na kucha za rangi, na wakikimbia kwenye korido nywele zao zinakimbia nyuma yao taratibu. Mwanamke hupiga yowe, jasho likamtoka juu ya mdomo tu, mkunga akamshika mkono, akamwita malkia, na baada ya tangazo mtoto amezaliwa. Mtoto mwenyewe ana miezi mitatu ukimwangalia vizuri, kashiba, anatafuta kamera.

Hapo nako kila mtu ana lake, na kila mtu huona kazi yake tu. Cherehani hulia kila mtoto akizaliwa, kisha akifuta machozi husema ile kola imeshonwa upande. Shemeji hushughulika na gari la wagonjwa. "Kona ile huingii na gia hiyo," hulalamika, na kuandika kwenye simu. Mama ndiye hasemi kitu. Mwanamke anayetoa hukumu kwa keki ya mtu aliye mbali hata kabla haijakatwa, kwenye tamthilia ya wakunga hufumba mdomo, tangazo likija au lisije. Sisi tulidhani anasinzia.

Basi katika nyumba hiyo mimi nikapata mimba, ya kwanza.

Ungedhani nyumba yenye mama aliyezaa wana watatu ingenifundisha jambo. Nilifundishwa na tamthilia. Shemeji alinielekeza namna ya kupumua, akanionyesha mwenyewe katikati ya sebule, mikono kiunoni, mpaka kizunguzungu kikamshika. Cherehani alinishonea gauni la kujifungulia lenye kola ya lesi. Nilisema sidhani kama nitahitaji kola. "Mdogo wangu," akasema, "siku hiyo ndiyo ya kuonekana."

Mimi sikutaka lesi. Nilitaka mtu. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia mtu mmoja anaruhusiwa kuingia nami chumba cha kujifungulia, na kwamba ni vizuri awepo. Mama yangu mzazi alishafariki. Mume wangu anaendesha malori ya safari ndefu, na wiki hiyo alikuwa kwenye foleni mpakani, akinipigia kila jioni kuniambia foleni haijasogea. Cherehani alijitolea, ila akaniahidi kabisa kwamba atalia kunizidi. Akabaki Mama.

Nilimfuata jikoni, akichambua mchele. Nilijipanga maneno siku mbili. "Mama, siku yangu ikifika, utaingia nami?"

Hakuinua kichwa. "Mimi nitakusubiri hapa nyumbani na maji ya moto," akasema. Akaendelea kutoa vijiwe.

Iliniuma, sitaficha. Nililala nikihesabu kila keki aliyoipa muda wake, kila mshindani aliyemsindikiza mpaka fainali kwa kumsema, nikajiuliza mimi nimempungukia nini. Sikuuliza tena. Niliogopa kuingia peke yangu kuliko nilivyoogopa maumivu yenyewe, na hofu hiyo nikakaa nayo kimya, kama sheria ya nyumba inavyotaka.

Jumapili ya fainali ya keki nikaamka na kitu kinanibana kiunoni. Kinabana, kinaachia. Nikafua, nikapika, nikaosha vyombo. Mchana kilikuwa kinabana kwa nguvu na hakikawii kurudi. Niliketi kwenye kiti cha mbao nyuma ya kochi, maana kwenye kochi ningehitaji winchi kuinuka, na tamthilia ikaanza.

Mwanamke wa tamthilia alikuwa na uchungu. Alipiga mayowe, akamlaani mume wake, akaangusha sinia la vifaa. Mimi nyuma ya kochi nilishika ukingo wa kiti na kubana meno. Tangazo la mafuta ya kupikia likaingia.

"Mama," nikasema haraka, kwa kuwa matangazo ya mafuta ni mafupi, "nadhani siku yangu ni leo. Tangu asubuhi."

Shemeji akanigeukia, akanitazama kama anavyotazama keki. "Hapana, shemeji. Huo si uchungu. Uchungu si umeuona sasa hivi? Wewe mbona hata jasho huna?"

"Na maji je?" Cherehani akauliza. "Maji hutoka kwanza, pwaa, sakafuni. Mwezi uliopita yule mwenye mapacha alimlowanisha daktari viatu."

"Kila mtu na wake," nikasema.

"Wa uongo huo," shemeji akaamua. "Kuna uchungu wa uongo. Walieleza kwenye sehemu ya tano."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," Cherehani akamrukia. "Wewe unajua klachi." Ila naye, badala ya kusimama, akaanza kunieleza sehemu ya tano ilivyokuwa, kola na vyote.

 Mama alikuwa ameshika mwiko mapajani, macho kwenye kioo, mahali chupa ya mafuta ilipokuwa ikizunguka. Nilimtazama kisogo. Nilitaka ageuke, hata anigombeze. Hakugeuka, na fainali ikaanza, na sebule ikanyamaza.

Washindani walikuwa watatu. Keki ya mmoja ilikuwa imebonyea katikati na hakuna aliyethubutu hata kuguna. Maumivu yakarudi, safari hii yakapanda mpaka mgongoni na kugoma kushuka. Sikupiga kelele. Nilijiambia tangazo likija nitasema, tangazo likija nitasema, na huku nalia ndani kwa hasira kwamba mtu mzima mwenye akili zangu nasubiri tangazo ili nizae. Maji yalishazidi unga, nami bado natii.

Mama akageuza kichwa. Hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu, pale chini ya kiti, ambako vidole vilikuwa vimejikunja na kung'ang'ania sakafu.

"Zima," akasema.

Tulimtazama wote. Kipindi kilikuwa hewani.

"Mama?" shemeji akanong'ona.

"Zima hilo dude, lete gari."

"Mama, wanatangaza mshindi! Amefungua bahasha! Si tusubiri tu tangazo..."

Mama akanyoosha mkono nyuma ya kochi na kung'oa plagi. Kioo kikawa cheusi, mtangazaji akabaki na jina mdomoni. Shemeji alitoa sauti ambayo, kwa kweli, ilifanana sana na ya mwanamke wa tamthilia.

"Huyu anazaa," Mama akasema. "Vidole vya miguu havidanganyi. Inuka!"

Garini shemeji aliendesha akizikata kona kwa gia anazozijua yeye, na kwa kumpa haki yake, aliendesha vizuri. Alipojaribu kuwasha simu ya maoni ajue nani kashinda, Mama alimgonga begani kwa mwiko. Ndipo tukagundua amekuja nao. Cherehani alikuwa mbele, amekumbatia gauni la lesi, analia tayari.

Mkunga aliyetupokea hospitalini alikuwa amevaa aproni ya plastiki na buti za mpira. Kucha fupi, kope za kawaida. Akanipima, akasema, "Mbona mmechelewa hivi? Huyu yuko karibu kabisa." Kisha akatazama kundi letu. "Nani anaingia naye?"

Cherehani akakaa chini kwenye benchi. Shemeji akasema anakwenda kuegesha gari, ingawa gari lilikuwa limeegeshwa. Mama alikuwa amesimama mbele ya ule mlango wa chumba cha kujifungulia na hasogei. Mwiko alikuwa ameukumbatia kifuani. 

"Mama, kama huwezi, basi," nikasema. "Nitaingia mwenyewe."

"Huyu aliyetuleta," akasema, akimwonyesha shemeji kwa kidevu, "nilimzalia hapa nje. Kwenye korido hii, sakafuni, vitanda vilikuwa vimejaa. Nilipolia nikaambiwa ninyamaze, nisisumbue wenye vitanda. Nikanyamaza. Kaka zake nao nilikuwa nimewazaa hivyo hivyo, kimya, peke yangu." Akautazama ule mlango. "Halafu ninakaa pale kwenye kochi ninaona wanavyoshikwa mkono. Kila Jumapili wanashikwa mkono, mwanangu, mtu na mtu wake. Mimi niseme nini hapo? Nitoe maoni gani?"

Shemeji alikuwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Mama, tunaingia au hatuingii?" mkunga akauliza, bila ukali. "Na huo mwiko ni wa nini?"

Mama akautazama mwiko kana kwamba amewekewa na mtu. Akampa shemeji. Kisha akanishika mkono, mkono wake mkavu wenye nguvu za kusonga na kukoroga miaka yote, na tukaingia.

Humo ndani hakukuwa na muziki wala nywele zinazokimbia taratibu. Kulikuwa na kitanda, taa, ndoo, na dirisha lililopakwa rangi nusu. Gauni la Cherehani halikutoka hata kwenye mfuko. Mkunga alinielekeza kwa maneno machache, na hakuniita malkia. Mama alisimama upande wa kichwa changu, amenishika, jasho linamtoka usoni kote.

Maumivu yakaja makubwa kuliko yote yaliyotangulia. Nikafanya ninavyojua. Nikabana meno, nikakunja vidole vya miguu.

Mama akaniona. Akainama mpaka mdomo wake ukagusa sikio langu, yeye aliyeitungia sebule yetu sheria ya kunyamaza.

"Usinyamaze," akasema. Alikuwa analia. "Piga kelele, mwanangu. Piga mpaka wasikie kule koridoni."

Nikapiga. Nilipiga kelele zangu na nadhani nilipiga na zake, zile za miaka yote, naye akinishika mkono na kupiga pamoja nami, na hakuna kati yetu aliyesubiri tangazo.