Joho la Bakary na Miji Mitatu

Tangu afiwe na mumewe, Ziada alikuwa akipika pilau ya karibu kila harusi ya Lindi mjini, na watu wote hao walishiba, mikono yake ikibaki na harufu ya bizari tu. Ndiyo maana safari ya kwenda kuonja mapishi ya wengine ilimkaa rohoni. Yeye na shoga yake Sada, aliyekuwa na binti kaolewa Mombasa, walikwisha kuipanga wakichambua mchele. Kwanza Unguja, wale halwa ikingali moto na kusikiliza taarabu ukumbini. Kisha Mombasa, viazi vya karai na mahamri kwa mbaazi. Mwisho Lamu, kwa mkate wa mofa na milango ya nakshi. Walibishania Lamu tu. Sada alisema ni mbali. Ziada alisema akishaanza kuonja, ataonja mpaka mwisho.

Sasa meli ilikuwa karibu kuja, na kizuizi kilichobaki ni mtu mmoja: kaka yake Bakary, mkubwa wa ukoo. Kuondoka bila radhi yake Ziada asingethubutu, wala hakutaka.

"Ungekuwa unakwenda kuhiji, au kutibiwa, sawa," Bakary alimwambia. "Lakini mjane mwenye mvi avuke bahari kwenda nchi za watu, kula! Kwani hapa kuna njaa?"

"Njaa hakuna, kaka. Kuna hamu."

"Basi kaa nayo."

Akakaa nayo, na ilimuuma kwelikweli.

Siku ya harusi ya binti wa Bakary, Genoveva aliwasili kutoka Nyangamara. Alikuwa Mmwera, Mkatoliki, rozari shingoni na mdomo usiojua kupumzika. Ukoo wake na wa Bakary ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana haki ya kuchukua kitu chako mbele za watu akakaa nacho mpaka ujikomboe. Ukikasirika, aibu ni yako. Alimkuta Ziada kajiinamia jikoni, akamuuliza, akaelezwa. Akaondoka kimya, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtisha mtu.

Bakary alipotaka kutawadha kabla ya akdi, alilitundika joho lake kwenye msumari uani. Jamani! Joho la nyuzi za dhahabu, la kumwozeshea mwanawe, analiacha uani na mtani wake yumo nyumbani! Aliporudi alikuta msumari mtupu. Genoveva alikuwa katikati ya ua, joho limemfika unyayoni, anatembea kwa madaha na kukohoa kama Bakary mwenyewe. Wanawake walicheka mpaka wakashikana.

"Mtani, lete joho. Kadhi ananingoja barazani."

"Jikomboe."

"Chukua kuku."

"Kuku ninao Nyangamara, tena wamenona kukushinda wewe."

Bakary alikuwa na haraka, na haraka ikampotosha. "Basi sema unachotaka, hawa wote mashahidi. Nakupa!"

"Radhi ya dada yako. Unguja, Mombasa na Lamu."

Bakary akamgeukia Ziada. Ziada hakuinamisha uso.

"Haya, aende Unguja," Bakary alisema kwa taabu.

Genoveva akatoa mkono mmoja katika joho. Mmoja tu.

"Mtani!"

"Huu mwingine ni wa Mombasa."

Barazani kadhi alikohoa.

"Na Mombasa, basi!"

Mkono wa pili ukatoka, ila joho likabaki mabegani, vidole vya Genoveva vimelikamata ukosini. Hapo Ziada akasogea mbele.

"Mtani, niachie. Lamu naiomba mwenyewe." Akamtazama kaka yake. "Sikimbii nyumba yako, kaka. Nataka kuona na kuonja, nirudi nikuhadithie. Nipe kwa moyo, si kwa joho."

Uso wa Bakary ukalegea.

"Nenda Lamu pia," alisema. "Radhi zangu zote unazo."

Genoveva akamvisha Bakary joho kwa mikono yake. Vigelegele vikalipuka, na cha kwanza kilikuwa cha Ziada, kirefu, cha furaha tupu.

"Mnashangilia nini?" kadhi aliuliza kutoka barazani. "Mbona sijaozesha mtu?"

"Tumeanza na dada yangu," Bakary alijibu, akitokea kifua mbele. "Anakwenda mpaka Lamu!"