Sampu Waliyonywea Kuku

Tangu siku injini ya lori alilomwendeshea Mama Laurette ilipokufa kwenye kilima cha Dranya, Yangi alikuwa na jina jipya mjini Arua: Kaburi. Jina hilo alilitunga fundi Sule, nalo likamganda kama grisi. Madereva walilitamka huku wakicheka. Abiria wa bodaboda, kazi aliyoiangukia baada ya kufukuzwa, walilitamka wakidhani ndilo alilobatizwa nalo kwao Sudan Kusini. Yangi alicheka pamoja nao, lakini kila lilipotamkwa lilimchoma.

Lilimchoma kwa sababu hakuiua injini ile. Alikuwa akipandisha shehena ya muhogo, taa nyekundu ya oili ikawaka, akazima palepale, lakini injini ilikuwa imekwisha kukwama. Sule alipofika alikuta oili imejaa tele. Basi badala ya kumwamini dereva, watu wakasema ameiongeza baada ya kuona mambo yameharibika. Sasa mtu ajitetee vipi hapo? Oili ikipungua una kosa, ikijaa una kosa! Yangi aliapa kwa Biblia, akaapa kwa mwanawe Romano, mwisho akachoka, maana kila alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa. Aliyemwamini alikuwa mmoja tu, mkewe Alice.

Asubuhi moja huko Dadamu wanakoishi, jerikeni lao lilikuwa limepasuka, kwa hiyo Alice alichota maji kwa ndoo isiyo na kifuniko na kupanda nyuma ya pikipiki akiwa ameipakata.

"Baba Romano, ngoja kidogo," akasema.

Akavunja tawi lenye majani mengi, akalichomeka ndani ya maji mpaka likaenea ndoo nzima. Yangi hakushangaa. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Kila mwanamke aliyepata kubeba maji wazi anajua kwamba maji yakipewa uwanja yatacheza, na yakimwagika hayazoleki. Ukiyawekea majani yanatulia.

Wakashuka bondeni, wakaanza kupanda, pikipiki ikirukaruka kwenye mifereji iliyochimbwa na mvua. Hata tone halikumwagikia mapaja ya Alice. Katikati ya kilima Yangi akasimamisha pikipiki ghafla, akateremka, akaanza kuchungulia ndani ya ndoo.

"Iko nini?" Alice akauliza. "Chura?"

"Mama Romano," Yangi akasema, "ile oili ilikuwa ndani. Ilikuwa ndani, lakini ilikimbia nyuma! Hakuna kitu ya kushika yeye."

"Mimi nilijua wewe hapana sema uongo. Sasa twende, mikono nauma."

Alimfikisha nyumbani, naye akageuza pikipiki kuelekea Arua bila hata kunywa chai.

Gereji ya Sule ilikuwa na ugeni siku hiyo. Mama Laurette, mfanyabiashara Mkongomani mwenye kucha za rangi na ulimi usiojua likizo, alikuwa amenunua injini nyingine, kubwa kuliko ile iliyokufa, yenye nguvu ya farasi mia tano. Ilining'inia kwenye mnyororo ikisubiri kuingizwa ndani ya lori lile lile la zamani. Tatizo lilikuwa sampu, yaani lile karai la chuma linalofungwa chini ya injini. Oili yote hulala humo, na bomba huinyonya na kuipeleka juu. Bomba likifyonza hewa badala ya oili, hata kwa muda wa kupiga chafya mara mbili, injini husagika kavu, na yenye nguvu nyingi ndiyo huwahi kufa. Sampu iliyokuja na injini hii iligonga ekseli, hivyo ilibidi itafutwe nyingine.

Na Sule alikwisha kuipata. Aliishika kwa mikono miwili, mpya, pana, inang'aa hata ungeweza kujinyolea ndevu mbele yake.

"Kama ile mimi nilifunga ya kwanza, lakini kubwa zaidi," alisema. "Injini kubwa, tumbo kubwa. Oili iko mingi ndani."

"Fundi, hiyo itaua injini tena," Yangi akasema kutoka langoni.

Gereji nzima ikaangua kicheko. "Kaburi nafundisha hospitali!" mtu akapiga kelele. Yangi hakurudi nyuma. Macho yake yalikuwa nyuma ya gereji, ambako kuku wa Sule walikuwa wakinywa maji kwenye sampu kuukuu ya lori la jeshi. Aliiona mara nyingi bila kuitazama. Ilikuwa ya injini za ukoo uleule, nzito, imebonyea pembeni, na ndani yake mlikuwa na kuta fupi za bati zilizoigawa vyumba vyumba, kila ukuta una tundu dogo chini. Akawafukuza kuku, akamwaga maji, akaiburuta hadi mbele ya Mama Laurette.

"Mama, nipe nafasi kidogo tu. Hizi kuta ndani nashika oili, kama majani nashika maji ya ndoo. Ukiona naongea upuuzi, fukuza mimi mara ya pili."

Akaomba oili chakavu, akaimimina ndani ya sampu zote mbili. Akaziweka juu ya ubao mmoja, akainua ubao upande wa mbele kama lori linalopanda kilima, kisha akautikisa kidogo, kwa sababu barabara zetu si meza. Ndani ya sampu mpya oili yote ilikimbilia nyuma kama ng'ombe waliosikia fisi. Pale mbele, mahali linapokaa bomba la kunyonya, palibaki chuma kitupu.

"Mama, weka kidole hapa."

Mama Laurette akaweka kidole chake chenye pete. Kikatoka na utando mwembamba tu. Akakiweka kwenye sampu ya kuku, mahali pale pale, kikazama mpaka kwenye pete.

"Bwana Yesu," akasema polepole. "Sule, weye ulionaka hii?"

"Injini hapana ndoo ya maji, mama," Sule akajibu, lakini hakucheka tena. "Hiyo ya zamani nabeba oili kidogo. Na kusafisha yake iko ngumu sana. Mimi ndiyo fundi hapa."

Hapo ndipo Yangi alipofanya jambo ambalo Alice angemkataza. Alichomoa ufunguo wa pikipiki, chakula cha watoto wake, akauweka juu ya tairi.

"Funga sampu ya kuku. Mimi nitapandisha lori Dranya na mzigo kamili. Taa nyekundu ikiwaka, pikipiki iko yako, mama. Na mimi mwenyewe nitajiita Kaburi."

Mama Laurette aliutazama ufunguo, akamtazama mwenye ufunguo. "Mutu haweke chakula ya batoto yake kwa uongo," akasema. "Sule, funga hii ya kuku."

Sule aliisugua, akainyoosha pale ilipobonyea, akabadilisha gasketi ya kuzuia oili isivuje. Kinyongo alikuwa nacho, ila kazi yake hakuiharibu, na hilo tumpe haki yake.

Injini ilipokwisha kufungwa, walipita mji wa Koboko, lori limejaa saruji mpaka juu. Yangi alishika usukani, Mama Laurette katikati, na Sule dirishani, shingo ameikunja kuelekea dashibodi kama mtu anayesubiri mwizi. Kilima cha Dranya kikajitokeza mbele. Yangi akapunguza gia, injini ikanguruma, lori likaanza kula mlima.

Walipofika pale pale ilipokufa ile ya kwanza, mahali pakali kuliko pote, Sule akasema, "Simamisha."

"Hapa?" Mama Laurette akashtuka.

"Hapa hapa. Simamisha, halafu ondoa tena. Kama sampu iko mzuri, tutaona."

Lilikuwa ombi la adui, lakini lilikuwa la haki. Yangi akakanyaga breki. Saruji yote ikawavuta nyuma, lori likaguna. Akasali kimoyomoyo kwa lugha ya kwao, akaachia klachi taratibu. Magurudumu yakakwaruza changarawe, farasi mia tano wakainama mzigoni, na lori likaondoka. Lilipanda. Likazidi kupanda. Pale taa nyekundu inapokaa palibaki peusi, peusi tii, mpaka pua ya lori ikaielekea anga na kisha ikalala sawa juu ya kilima.

Yangi akapiga honi. Akaipiga tena na tena, watu wakatoka mashambani na majembe mikononi kutazama kuna harusi gani. Mama Laurette alipiga vigelegele hadi kilemba kikamfunika macho. Machozi yalimtoka Yangi waziwazi, wala hakujisumbua kuyafuta.

Saruji ikashushwa, wakarudi Koboko na kuegesha penye kibanda cha chai ambako madereva hukusanyika. Dumo, dereva mwenye domo kuliko wote, akainua kikombe chake.

"Jamani, Kaburi amefika! Leo umeua nini?"

Sule akateremka kwanza. Akaufunga mlango, akasimama mbele ya watu wote hao, nguo zake za kazi zimejaa vumbi la saruji.

"Nani Kaburi?" akasema. "Huyu jina yake Yangi. Ile injini ya kwanza mimi niliua, na sampu yangu ya kung'aa. Yeye hakuongeza oili. Oili ilikuwa ndani."

Kisha Dumo akasogea kwenye benchi. "Yangi," akasema, "karibu chai."

Mama Laurette akamrudishia ufunguo wa pikipiki, na ule wa lori akauacha mikononi mwake bila kuuomba. Yangi akampigia simu Alice. Alitaka kumweleza kilima, breki na taa ambayo haikuwaka.

"Sule amesema," ndilo pekee aliloweza kulitamka. "Mbele ya watu."

Upande wa pili Yangi akamsikia Alice akiiacha simu na kutoka nje mbio, akiwapigia kelele majirani wa Dadamu, mmoja baada ya mwingine, kwamba oili ilikuwa ndani.