Umoja na Matajiri

Winfrida na Telesphory ndio walioanzisha chama cha vibarua wa ziwani pale Bangwe. Winfrida alikuwa akianika dagaa. Telesphory, mzaliwa wa Mwamgongo, alivua kwenye mitumbwi ya watu.

Ilipotangazwa kwamba ziwa litafungwa ili samaki wazaliane, wakatofautiana. Winfrida aliona ziwa kweli limechoka. Dagaa walipungua kila msimu. Alitaka chama kikubali, ila kidai matajiri wenye mitumbwi wawalishe vibarua kipindi chote, maana faida ya miaka yote ilikuwa yao. Telesphory alisema madai hayo yatawagawa watu. Kwanza waungane na matajiri kuzuia ziwa lisifungwe, mambo ya mgawo yatafuata.

"Yatafuata lini?" Winfrida alimuuliza mbele ya mkutano.

"Tukishashinda, dada."

"Watakaoshinda ni wao."

Mkutano ulimpigia makofi Telesphory. Waliandamana hadi Kigoma mjini, matajiri mbele, vibarua nyuma na mabango waliyochapishiwa. Kisha matajiri wakaitwa na serikali kwenye mazungumzo, wakaenda peke yao. Walirudi wamekubali ziwa lifungwe. Wao walipata maeneo ya kufugia samaki kwenye vizimba, na ufuko ambako wanawake walianika dagaa ukazungushiwa seng'enge.

Chama hakikuvunjwa na mtu. Watu waliacha tu kuja. Njaa ikawapandisha milimani kukata miti ya mkaa, Telesphory akiwa mmoja wao. Mvua zikashusha udongo hadi kwenye mawe ya ufukweni ambako samaki hutaga. Ziwa lilipofunguliwa, nyavu zilitoka nyepesi kuliko zamani.

Telesphory akamfuata Winfrida nyumbani, akamkuta anamenya muhogo. Alimwomba waanze upya, safari hii kwa madai yale yale aliyoyakataa.

"Ulikuwa sahihi," alisema.

"Kuwa sahihi hakujanilisha," Winfrida alijibu bila kuacha kumenya. "Nenda kwa waliokupigia makofi. Wakija, na mimi nitakuja."

Telesphory alizunguka Bangwe nzima. Wengi hawakutaka hata kulisikia neno chama. Wachache waliomsikiliza walimuuliza kama anamfahamu mtu wa kuwaingiza kazini kwenye vizimba.

Hakurudi kwa Winfrida. Wiki iliyofuata Winfrida alimwona ndani ya seng'enge, amebeba mfuko wa chakula cha samaki wa tajiri. Telesphory aliinamisha kichwa. Winfrida alimwamkia kama anavyomwamkia mtu yeyote, akaendelea na safari yake ya sokoni.