Fomu ya Mtu wa Karibu

Mara ya tatu bima ilipojibu, haikukataa. Ilisema tu kwamba fomu moja haijafika, na isipofika kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, maombi yatafungwa na kila kitu kitaanza upya, pamoja na kupimwa uzito kwa miezi sita.

Bi Futi aliisoma barua hiyo akiwa amesimama kwenye meza ya kukatia vitambaa, mkasi mkononi. Jina hilo alilipata hapo hapo kiwandani, kwa kuwa futi ya kupimia haikuwahi kumtoka shingoni, hata akienda msalani. Kazi yake ilikuwa kukata sare za shule. Alitandika kitambaa tabaka ishirini, akachora kwa chaki na kukata moja kwa moja, na tangu aajiriwe hakuna shule iliyomrudishia shati kwa kukosea kipimo. Aliikunja barua, akaitia mfukoni, akaendelea na mikono ya mashati.

Miaka tisa iliyopita alifanyiwa operesheni ya kufungwa mkanda ndani ya mwili, sehemu ya juu ya tumbo la chakula, ili ashibe haraka. Alipungua kweli kweli. Sketi zikamvuka, watu wakampita njiani bila kumtambua. Kisha, miaka ilivyokwenda, mkanda ukateleza. Daktari wa upasuaji alimwonyesha kwenye eksirei jinsi ulivyokaa upande na kulibana tumbo mahali pasipotakiwa. Nyama haipiti. Mkate haupiti. Wali unakwama kifuani, machozi yanamtoka, halafu unarudi ulikotoka. Kinachopita ni kile kinachoyeyuka tu: aiskrimu, chokoleti, soda iliyoisha gesi. Basi mtu asiyeweza kumeza kipande cha mkate akawa ananenepa kila mwezi. Daktari alitaka kuutoa mkanda na kulitengeneza tumbo upya, lakini nenda ukawaeleze watu wa bima jambo hilo, uone.

Yeye aliwaeleza. Barua ya kwanza ikasema mwanachama hakufuata masharti ya lishe. Ya pili ikataka eksirei, barua ya mtaalamu wa lishe, na uzito wake kwa miezi sita mfululizo bila kukosa hata mmoja. Walimpiga danadana mpaka akawazoea. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alipanda mizani ya hospitali, amevua viatu, saa, hereni na ile futi, na muuguzi akaandika. Miezi sita ikatimia.

Sasa hii fomu. Jina la mtu wa karibu atakayekaa na mgonjwa wiki mbili baada ya operesheni. Saini yake. Na chini, swali lenye visanduku viwili: Je, ulifahamu kuhusu operesheni ya kwanza ya mgonjwa? Ndiyo. Hapana.

Alipiga simu bima wakati wa chakula cha mchana, akiwa stoo, katikati ya majora ya vitambaa. Huko ndiko alikokula siku zote, ili mtu asimsikie akipaliwa. Wasichana wa cherehani walisema Bi Futi anaringa, hali na watu.

"Lazima awe ndugu?" aliuliza.

"Awe mtu wa karibu tu, mama," karani alisema.

"Na kama mtu hana?"

"Kila mtu ana mtu wake, mama."

"Haya. Andika hapo kwamba nimeuliza."

Mtu alikuwa naye. Alikuwa na mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki, na tatizo lilikuwa hapo. Operesheni ya kwanza aliifanya kwa siri. Nyumbani alisema ametumwa kwenye mafunzo ya mashine mpya, kumbe yuko nyumba ya wageni, amelala chali peke yake, anameza supu kwa kijiko cha chai. Mwili ulipopungua na mdogo wake akamuuliza siri yake, Bi Futi alimjibu bila kupepesa: "Kujizuia tu, mdogo wangu. Maji ya moto asubuhi, kutembea, na kufunga mdomo."

Angeishia hapo, ingekuwa nafuu. Lakini sifa tamu, na alizoea kusifiwa. Akawa anamhubiria. Mdogo wake, msusi mwenye mwili mkubwa kuliko wake, alimwamini kama anavyoaminiwa dada mkubwa. Alikunywa maji ya moto. Alitembea mpaka viatu vikaisha soli. Aliacha chakula cha usiku, hadi siku moja akaanguka huku nywele za mteja ziko mkononi. Mwili haukupungua. Na kila Bi Futi alipokwenda kumtembelea, alimtazama kutoka juu hadi chini na kusema, "Unajiachia." Hata mwenyewe aliponenepa tena hakunyamaza. Alidai ni homoni.

Jumapili alipiga moyo konde akaenda.

Mdogo wake alikuwa jikoni, mikono inanukia mafuta ya nywele. Alipakua nyama na viazi, akaisukuma sahani mbele ya dada yake. "Najua hutakula. Miaka yote hii hujamaliza sahani yangu hata moja. Lakini sitasemwa kwamba sikukupa."

"Siyo kwamba sitaki," Bi Futi alisema. "Haipiti."

"Haipiti vipi?"

Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamruka. "Sikupungua kwa maji ya moto. Nilifanyiwa operesheni."

Mdogo wake alicheka, akidhani ni utani. Bi Futi akainua blauzi. Akamwonyesha makovu matano madogo, kisha akamshika mkono na kuuweka mahali kitufe cha kukazia mkanda kilipokaa chini ya ngozi, kigumu kama kishikizo cha koti. Kicheko kikakatika. Akamweleza yote, mafunzo ya uongo, nyumba ya wageni, mkanda ulioteleza, bima na fomu yake. Viazi vilipoa.

"Kwa hiyo sikuwa mvivu," mdogo wake alisema. Hakuwa anauliza. Alikuwa anajiambia.

"Hukuwa."

"Niliacha kwenda harusi za watu. Nilichana picha zangu. Nilimwambia mume wangu asiniangalie nikivaa nguo." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Bi Futi. "Dada, nimejichukia miaka tisa, na wewe ulikuwa unanitazama tu."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Lete hiyo fomu."

Alifuta mikono kwa kanga, akaandika jina lake na namba ya simu, akatia saini. Kwenye visanduku vile, akaweka alama kwenye Hapana.

Bi Futi alishtuka. "Ukiweka hapo watanikatalia! Wanataka mtu anayejua habari zangu."

"Sasa unataka na mimi niseme uongo wako?"

Mdogo wake aliinama tena kwenye karatasi, na kwenye mstari wa maelezo akaandika kwa herufi kubwa: NIMEAMBIWA LEO. NITAKAA NAYE. Akairudisha fomu, akaichukua ile sahani na kuifunika. Hakumsindikiza hadi barabarani kama kawaida yake.

Jumanne Bi Futi aliomba ruhusa kazini, akaipeleka fomu mwenyewe. Karani wa dirishani aliipitia kwa kalamu, akasimama kwenye kisanduku. "Hapa pamewekwa Hapana. Wakubwa wanapenda kuona Ndiyo. Nikupe fomu nyingine mkaijaze upya? Mpaka Ijumaa mna muda."

Mwandiko wa mdogo wake aliujua tangu akimfundisha kushika penseli. Angeweza kuijaza hiyo nyingine palepale kwenye benchi, na kuiga saini bila mtu kushuku. Alipafikiria mahali pa saini kwa muda mrefu kuliko alivyopenda.

"Peleka hiyo hiyo," alisema.

"Wanaweza kukataa, mama. Na miezi sita ndiyo hiyo inapotea."

"Nimesikia. Peleka."

Siku kumi na nane zikapita. Mdogo wake hakupiga simu, na yeye hakuthubutu kumpigia. Kazini alikata sketi, stoo akanywa soda yake. Jioni alikaa na redio, na ilipotokea ameongea na mtu nje ya kazi, ni muuza duka aliyemuuliza kama anataka mfuko. Upweke alikuwa ameuzoea, lakini zamani ulikuwa wa mtu anayeficha jambo. Huu wa sasa ulimuuma zaidi, kwa sababu kuna mtu alijua na bado hakupiga.

Siku ya kumi na tisa simu ilimkuta mezani, mkasi katikati ya kitambaa. Kibali kimetoka. Operesheni ni tarehe tisa. Alimshukuru karani mara tatu, akakata, na kabla hajapata nafasi ya kuogopa akampigia mdogo wake.

"Wamekubali," alisema.

Upande wa pili mashine ya kukaushia nywele ikazimwa. "Lini?"

"Tarehe tisa."

"Nitafika tarehe nane." Mdogo wake alivuta pumzi. "Nitakuogesha, nitakupikia uji mwepesi, nitakuamsha unywe dawa. Lakini usinichekeshe, dada. Bado nina hasira na wewe. Sijui itaisha lini."

"Sawa."

"Na mwili wangu usiutaje. Milele."

"Sitautaja."

Simu ikakatika. Bi Futi aliendelea kuishikilia sikioni, akalia mbele ya wasichana wote wa cherehani, nao wakasimamisha mashine moja moja, hakuna anayejua kama amepewa kitu au amenyimwa. Hakuwaeleza. Tarehe nane kulikuwa na mtu anakuja kwake, na hata kama angekuja na uso uliokunjwa, angelala chumba cha pili, na asubuhi Bi Futi angemsikia akitembea.