Mtoto Ndiye Anayeita

Haya, wewe uliyejikunja hapo na kitabu chako, nitegulie hiki: nje fukara, ndani bwana mkubwa.

Fikiri taratibu. Wa kwanza atasema nazi, wa pili atasema konokono. Umeshindwa? Wala usihangaike kunipa mji, nyumba ninayo. Jibu ni ile hoteli aliyotupeleka mkwe wangu.

Kwa nje ilikuwa kijiji cha zamani: kuta za udongo, mapaa ya nyasi, mbuzi zizini, kuku wanaparura uani. Tuliposhuka garini nilimwonea huruma mkwe wangu. Nikasema moyoni, wamemla hela huyu, wamempa kibanda. Kuingia ndani, lo! Godoro nene mpaka nililipandia kwa kigoda. Pembeni mtungi wa udongo, una bomba. Pembe nyingine kasha la mbao linanguruma peke yake. Mkwe wangu ni fundi wa mafriji. Aliliwekea sikio kama daktari, akasema, "Mama, hili kasha limepungukiwa gesi."

Tulikuwa wanne. Mkwe wangu, mke wake mpya, mimi, na mjukuu wangu tunayemwita Chiriku kwa sababu akiamka anaanza kusema na akilala anamalizia ndotoni. Mama yake Chiriku alikuwa binti yangu. Alipotutoka, mtoto nikamchukua mimi, baba yake akawa anakuja kila akipata nafasi. Sasa baba ameoa, na shule zikifunguliwa Chiriku anahamia kwao. Safari ile ilikuwa ya kuwazoesha, yeye na huyo mama.

Mama mwenyewe ni fundi cherehani, mwanamke mrefu, mpole, wa maneno machache. Mimi namwita mwanangu. Sikuona jina lingine la kumpa mtu atakayemlaza mjukuu wangu.

Njiani, kabla hatujafika, aligeuka kwenye kiti cha mbele akamwambia mtoto, "Chiriku, mimi sikulazimishi kitu. Nakuuliza tu. Utaniita nani?"

Chiriku, ambaye tangu tutoke alikuwa ametusimulia habari za walimu wake wote na za paka wa jirani, alinyamaza. Akatazama dirishani mpaka tukafika. Swali likabaki hapo hapo, na tukaingia nalo hotelini.

Mpokea wageni alikuwa kijana aliyevaa gunia, ila gunia lenyewe limepigwa pasi. Alizikusanya simu zetu akazifungia sandukuni, kisha akatueleza utaratibu.

"Hapa tunaishi kama zamani. Simu hakuna, kengele hakuna. Chakula kikiiva, ngoma inalia. Kila nyumba mtoto ndiye anayeita watu wake kuja mezani."

"Na asiyeitwa?" nikamuuliza.

"Asiyeitwa analala njaa, bibi!" Akacheka. Yeye alikuwa anatania.

Mchana ngoma ikalia. Chiriku akasimama mlangoni, akajaza kifua.

"Babaaa! Bibiii!"

Kisha akafumba mdomo.

Mke wa mkwe wangu alikuwa amekaa nje ya jiko, anamshonea mpishi gunia lake lililofumuka begani. Nilimwona akiinua kichwa. Sindano ikasimama. Alingoja kidogo, kama mtu anayesikilizia mvua, halafu akainama akaendelea kushona.

Tulipokwisha kukaa mezani, mkwe wangu akataka kuinuka amfuate. Yeye kule akampungia mkono: kuleni.

"Chiriku," baba mtu akaanza, na sauti yake ilikuwa na fimbo ndani. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Mwache."

"Mama, huu si utovu wa adabu?"

"Huu si utovu wa adabu. Mtoto hana neno la kumwitia. Wewe ungemwitaje mtu usiye na neno lake?"

Nikambebea yule mama sahani. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Asante mama, ila nimeshiba. Nilikula mkate garini."

"Mkate gani? Ule uliomalizwa na Chiriku kabla hatujatoka mjini?"

Akacheka. Tumbo lake nalo likamsuta palepale, likanguruma kuliko lile kasha. Hakula, lakini. "Akinikuta nimekula," alisema, "ataona hata asiponiita mambo yanakwenda. Na akinikuta sijala ataumia. Sijui hata nifanye nini, mama."

Nikamwambia, "Kula. Sahani nitaiosha mimi, hatajua." Akala upesi upesi nyuma ya jiko kama mwizi wa nyama, na mpishi akamkinga na kifuniko cha sufuria.

Jioni ngoma ikalia tena. Mara hii Chiriku hakuita mtu. Alikwenda kwa miguu yake mpaka alipo yule mama, akamvuta gauni, akasema, "Imelia." Basi. Lakini ungemwona alivyokuja mezani! Alitembea kama bibi harusi.

Tukala. Chiriku akamgeukia baba yake. "Baba, mwambie anipe chumvi."

"Nimwambie nani?"

"Huyo mwenye chumvi."

"Hilo nalo jina," yule mama akasema, akimsogezea kibakuli. "Mama Mwenye Chumvi. Sasa chumvi ikiisha nitakuwa nani?"

Chiriku alitaka kucheka, nilimwona. Midomo ilimcheza. Akaizuia kwa kunywa maji.

Asubuhi nilimkalisha kibarazani, kati ya magoti yangu, nikawa namsuka. Mtoto akiwa anasukwa haoni uso wako, ndiyo maana husema.

"Bibi."

"Ee."

"Nikiita mama kwa sauti, si Mama atasikia?"

Chanuo likanikwama mkononi. "Mama yupi, mwanangu?"

"Mama yangu. Atasikia anaitwa, atafikiri ni yeye. Atakuja. Halafu akifika akute nilikuwa namwita mtu mwingine."

Nikalichomoa chanuo, nikagawa nywele upya. Yule alikuwa mwanangu, nilimzaa mimi. Nami zipo siku nilizoita jina lake jikoni kwa kusahau, nikangoja.

"Sikiliza," nikamwambia. "Nyumba niliyokulia mimi ilikuwa na akina mama watatu. Mama aliyenizaa, dada yake, na mke wa baba yangu mkubwa. Nikiita mama, hivi hivi, ni yule aliyenizaa ndiye aliyegeuka. Wale wengine hata shingo hawakutikisa."

"Sasa wao uliwaitaje?"

"Niliwawekea mkia. Mama Mkubwa. Mama wa Jikoni, huyo alipenda jiko kuliko mumewe. Kila mmoja alijua wake. Wala hakuna aliyekuja bure."

"Na mama yako hakukasirika?"

"Akasirike nini? Neno lake lilikuwa lake, hakuna aliyeligusa. Hata leo ni lake."

Akafikiri. Nilihisi anafikiri, kichwa kilikuwa kizito mikononi mwangu. "Mkia nauchagua mimi?"

"Wewe. Wewe ndiye utakayeutumia kila siku."

"Mama wa kambo?"

"Uuh. Huo unauma. Tafuta mwingine."

"Mama Mdogo?"

"Mzuri huo."

"Lakini, Bibi, yeye si mdogo." Akageuka kuniangalia, msuko mmoja ukanitoka. "Jana amegonga kichwa mlangoni mara ngapi?"

Kabla sijamjibu ngoma ikalia. Mkwe wangu akatoka chumbani anajinyoosha. Meza ikaanza kujaa chai na mayai na mkate wa moto. Yule mama hakuwepo. Alikuwa ameamka mapema kwenda kusaidia kuwanywesha mbuzi, na sasa alikuwa zizini, nyuma ya ua wa miti mirefu, mlango wake umefungwa kwa kamba kwa ndani. Gauni lisingefikika. Kilichoonekana juu ya ua ni kichwa chake tu, na kilemba chake cha njano, kinakwenda huku na huku katikati ya kelele za mbuzi.

Chiriku alisimama ukingoni mwa kibaraza, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio.

"Babaaa!"

"Niko hapa hapa, mwanangu, utaniziba masikio."

"Bibiii!"

"Nipo."

Kilemba cha njano kikasimama. Hakikugeuka. Kilisimama tu, na mkwe wangu akashika ukingo wa meza, nami chanuo nikaliweka mapajani. Chiriku akaniangalia. Akajaza kifua mpaka mabega yakapanda.

"Mama Mrefuuu! Chai inapoaaa!"