Rangi ya Tumbo la Ndege

Ndege ya Bosi ilikuwa inatoka damu tumboni, na damu hiyo iliwachafua wageni wake wa Jumapili. Mke wa mgeni mmoja alirudi nyumbani na gauni lenye baka begani. Bosi akamwita fundi rangi.

Ilikuwa ndege ndogo ya viti sita, nyeupe pe. Siku za kazi rubani aliipeleka bondeni, kwa watu waliokataa kuhama kumpisha Bosi na shamba lake. Mlinzi alikaa mlangoni na bunduki, miguuni pake madumu ya petroli yenye tambi. Aliwasha, akasukuma, kisha akawapiga risasi waliokuwa wakikimbia. Kila aliyeuawa chini, jeraha lake lilitokea kwenye tumbo la ndege. Wa risasi alileta tundu, wa moto alileta malengelenge. Yalivuja mpaka fundi ayakwangue, ayazibe, apige msasa na kupaka upya, na siku mbili ndege ililala bandani ikisubiri rangi ikauke. Fundi alishazoea. Jeraha la mtoto lilikula rangi kidogo.

"Nyeupe haifai," alisema Bosi. "Hapa pamekuwa bucha."

"Juu iache nyeupe, Bosi," alisema fundi. "Ukipaka rangi nzito, jua litawaivisha humo ndani. Ugomvi uko tumboni."

"Tumboni weka bluu ya mbingu," alisema rubani, ambaye alimwoa dada wa fundi. "Hata wale wa chini hawatuoni mpaka tumefika."

"Bluu na damu, shemeji? Utarusha jicho lililopigwa ngumi."

Bosi alicheka. Fundi hakucheka. Bondeni alikuwa na shangazi yake mwenye kidole gumba kilichokatwa na mundu, aliyemlea tangu akinyonya, na shangazi alikuwa ameapa kwamba hahami. Fundi alitaka rangi ambayo mama huyo angeiona tangu ng'ambo ya kilima, apate muda wa kukimbia na kujificha kwenye mawe. Hilo hakulisema.

"Nyekundu ya matofali," alisema. "Damu ikikauka juu yake huioni. Vumbi huoni. Hata kuosha utasahau."

"Tuone."

Kikaletwa kipande cha bati kilichopakwa rangi hiyo. Bosi alimpiga fundi ngumi ya pua, akamkamata shingo, akamwinamisha juu ya bati. Wakasubiri damu ikauke. Haikuonekana.

"Kweli," alisema Bosi, akampa kitambaa.

"Si ungekubali bluu yangu, shemeji," alisema rubani. "Pua ungekuwa nayo."

Fundi alipaka tumbo matabaka mawili ya rangi hiyo. Asubuhi ya kwanza watu wa bondeni waliiona mapema, wakakimbia, na shangazi akafika kwenye mawe. Mchana, walipokuwa wakizima nyumba zao, ndege ikarudi. Jioni ikarudi tena. Kesho yake vilevile. Fundi alikuwa amesahau kwamba ni madoa ndiyo yaliyokuwa yakiifunga ndege bandani.

Akamfuata rubani. "Shemeji, ilete niizibe. Ina majeraha."

"Majeraha yapi? Mimi naona ndege safi."

"Gusa tumbo."

Rubani aligusa. Kiganja kilitoka kimelowa na kina joto. Akakifuta kwenye suruali.

"Kwa macho haionekani," alisema, akapanda.

Siku zilivyokwenda watu waliacha kukimbia, kwa kuwa walikuwa na maiti za kuzika. Ijumaa jioni ndege ilipolala, fundi alipitisha vidole tumboni kama mtu anayetafuta nati. Karibu na gurudumu la nyuma alikuta malengelenge ya kiganja kizima, kidole gumba kifupi, kile kilichokatwa na mundu. Aliacha mkono wake hapo mpaka ukaungua. Kisha akakwangua majeraha yote, akaziba, akapiga msasa, akapaka.

Jumapili wageni walikuja na nguo nyeupe. Hakuna aliyechafuka. Mmoja aliuliza jina la fundi, kwa kuwa yeye pia alikuwa na ndege.

Kwa nyeupe, miezi minane, bonde lilipoteza watu kumi na tisa. Kwa nyekundu, wiki mbili, lilipoteza arobaini na watatu: wanaume ishirini na mmoja, watoto saba, wanawake kumi na watano. Mmoja wa wanawake hao alikuwa shangazi.