Kinundu cha Manjano

Haki ya Mungu, humu hamna uongo hata chembe, ukiacha ule aliousema Luhende mwenyewe.

Luhende alifagia ofisi ya mifugo Bariadi miaka thelathini, huku jicho likiwaibia madaktari kazi yao. Akastaafu, akarudi kijijini kwao Lingeka na glavu ndefu za kufika begani na visa visivyoisha. Alidai aliwahi kumpima kiboko mimba. Watu walicheka, kisha wakamletea ng'ombe wao.

Ndivyo Milembe, mjane wa kaka yake, alivyomleta ng'ombe wake wa pekee. Ng'ombe huyo alikuwa amepandwa miezi miwili nyuma, na tangu hapo hakurudia joto la kutaka dume. Mbele ya watu wasiopungua kumi Luhende akavaa glavu, akaingiza mkono, akapapasa ovari. Ya kulia ilikuwa na kinundu, kama karanga ndani ya ganda lake.

“Huu uvimbe, shemeji,” akatangaza. “Ndio unaozuia joto. Huyu hazai tena. Muuze angali na nyama.”

Milembe aliuliza kama ana hakika. Wakati huo vidole vilishafika kwenye tumbo la uzazi, vikakuta pembe yake moja imenenepa kuliko nyingine. Mkono ulimwambia jambo jingine kabisa, ila mdomo ulikuwa umeshatangulia, na watu walikuwa wanatazama. Akasema ana hakika.

Jabiri, mchinjaji wa Mwanhuzi, ndiye aliyemnunua ng'ombe. Asubuhi ya kuchinja Luhende alikuwepo, akivizia maini. Milembe naye alikuja; alitaka kuuona huo uvimbe uliomnyima ndama.

Nancy, mkaguzi wa nyama, alipasua tumbo la uzazi, kindama cha ukubwa wa panya kikateleza nje. Kisha akakata ovari. Kile kinundu kilikuwa cha manjano.

Akamweleza Milembe taratibu kwamba yai likikomaa, kijifuko chake hupasuka kulitoa, na palipopasuka huota kinundu kama hicho. Mimba isiposhika, kinasinyaa chenyewe na ng'ombe anarudia joto. Ikishika, kinabaki kuilinda.

Luhende akakohoa, akaanza kisa cha ng'ombe wa kule Kimali aliyeshika mimba akiwa njiani kwenda mnadani. Hakuna aliyecheka.

“Shemeji,” Milembe alisema, “mkono wako haukumgusa huyu mtoto?”

Visa vyote vikamkimbia.

“Mkono ulimgusa,” Luhende akasema.

Mchana uleule Luhende alimtoa zizini mtamba wake mwekundu, kitu pekee alichonunua kwa kiinua mgongo chake, akamswaga hadi kwa Milembe. Njia nzima aliona aibu hata kuwasalimia watu. Milembe akapokea kamba, akamtazama mnyama tumboni.

“Huyu ana mimba?”

Luhende aliificha mikono mgongoni.

“Sijui, shemeji. Mwite daktari.”

Milembe akamfunga mtamba kwenye kigingi kilichokuwa kitupu, akaenda kumchotea maji.